Anayesinzia Darasani Si Lazima Awe Mvivu

Kijana wa kidato cha pili akilaza kichwa kwenye dawati, utasikia: "Mvivu huyo, kakesha na simu." Simu ina lawama zake, sikatai. Ila hebu tupige hesabu.

Mwili unaobalehe huchelewa kutoa melatonini, homoni inayoandaa usingizi. Ndiyo maana wengi wao hujigeuzageuza kitandani hadi karibu saa tano usiku. Wataalamu wanashauri wenye miaka 13 hadi 18 walale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kwa siku. Ukimwamsha saa kumi na nusu alfajiri awahi kujisomea, amepata usingizi wa saa tano na nusu tu. Kalamu inaanza mstari vizuri, halafu mwandiko unateremka wenyewe hadi ukingoni mwa daftari.

Kanuni za elimu ya msingi za Kenya za mwaka 2015 zinataka masomo ya shule za kutwa yaanze saa 2:00 asubuhi na kuisha saa 9:30 alasiri. Basi la shule linalopiga honi gizani halimo humo. Huko California, tangu Julai 2022, sekondari nyingi za juu haziruhusiwi kuanza kabla ya saa 2:30 asubuhi.