Kupiga Picha na Kuitumia: Ruhusa Mbili Ambazo Mpiga Picha Hapaswi Kuzichanganya

Swali ambalo wapiga picha huwauliza wanasheria mara kwa mara ni fupi: je, ninaruhusiwa kumpiga picha mtu aliye barabarani? Jibu lake haliwezi kuwa fupi vivyo hivyo, kwa sababu ndani ya swali hilo yamejificha maswali mawili. La kwanza linahusu tendo la kuielekeza kamera na kubonyeza kitufe. La pili linahusu kitakachofanyika na picha baadaye, iwe ni kuichapisha gazetini, kuiuza, kuitundika kwenye maonesho au kuiweka mtandaoni. Katika nchi nyingi tendo la kwanza, likifanyika mahali palipo wazi kwa umma, lina uhuru mpana, ilhali la pili limewekewa masharti mengi. Mpiga picha anayedhani kwamba ruhusa ya kupiga imebeba pia ruhusa ya kutumia hujiingiza matatani akiwa na dhamiri safi kabisa.

Mgogoro huu ni wa zamani kuliko simu za mkononi. Mwaka 1890, wakati kamera za kushikwa mkononi zilipokuwa zimeanza kuenea, wanasheria wawili wa Marekani, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika katika jarida la sheria la Harvard kwamba picha za papo kwa papo pamoja na magazeti vilikuwa vimevamia maisha ya faragha, wakataka sheria itambue haki ya mtu kuachwa bila kubughudhiwa. Mwaka 1898 wapiga picha wawili wa Ujerumani walijipenyeza usiku katika chumba alimolazwa Otto von Bismarck, aliyewahi kuwa kansela wa nchi hiyo, muda mfupi baada ya kufariki, wakaupiga picha mwili wake kwa nia ya kuiuza picha hiyo. Familia ilipokwenda mahakamani ilibainika kwamba hapakuwa na sheria iliyolinda sura ya mtu, na ikabidi mahakama iegemee kosa la kuingia ndani ya nyumba bila idhini ili kuwazuia wasinufaike na walichokipata. Pengo hilo lilichangia kutungwa kwa sheria ya mwaka 1907, ambayo kwa sehemu ingali inatumika nchini humo. Inasema kwamba picha ya mtu itasambazwa au kuoneshwa hadharani kwa ridhaa yake tu, na kwamba kwa miaka 10 baada ya kifo chake ridhaa hiyo itatoka kwa jamaa zake, isipokuwa katika hali kadhaa zilizotajwa, kama vile picha za mikusanyiko au za watu walioingia katika historia ya wakati wao. Kinachodhibitiwa na kifungu hicho ni kusambaza na kuonesha.

Mipaka ya matumizi hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na kesi mbili za Amerika ya Kaskazini zinalionesha jambo hilo vizuri. Huko New York, msanii Philip-Lorca diCorcia aliweka taa zake katika eneo la Times Square akawapiga picha wapita njia wasiojua kitu, kisha akazionesha na kuziuza kama kazi za sanaa. Mmoja wa waliopigwa, ambaye dini yake ilimfanya apinge matumizi hayo, alishtaki. Mwaka 2006 mahakama ilitupilia mbali shauri lake kwa hoja kwamba sanaa inalindwa na uhuru wa kujieleza, hata kama nakala zake zinauzwa. Huko Montreal, jarida moja la sanaa lilichapisha picha ya msichana wa miaka 17 aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za jengo, mahali pa hadhara, picha isiyo na dharau yoyote. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali kwamba kuichapisha bila ridhaa yake kulivunja haki yake juu ya sura yake mwenyewe, na fidia ya dola 2,000 ikabaki palepale. Kiasi hicho si kikubwa, lakini kanuni iliyowekwa ni nzito. Picha mbili zinazofanana kwa kila hali zinaweza kuwa halali upande mmoja wa mpaka na kuwa kosa upande wa pili, na picha inayowekwa mtandaoni huvuka mipaka yote siku hiyohiyo.

Yapo mazingira ambamo hata kubonyeza kitufe ni kosa. Mtu aliye chooni, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wodini au nyumbani kwake ana haki ya kutarajia kwamba haonekani, na England na Wales zilikwenda mbali zaidi mwaka 2019 kwa kuifanya picha inayopigwa kwa siri chini ya nguo za mtu kuwa kosa mahsusi la jinai. Kupiga picha mahakamani kumepigwa marufuku England tangu sheria ya mwaka 1925. Kambi za jeshi na maeneo ya ulinzi yana amri zake karibu kila nchi, na mwenye jengo la biashara anaweza kuweka sharti la kutopiga picha ndani hata kama mlango wake uko wazi kwa kila mtu. Ndege zisizo na rubani zina kanuni zake za usajili na urefu wa kuruka, na anayeirusha juu ya ua wa jirani atawajibika kwa faragha ya jirani huyo kama vile angepanda ukuta na kamera mkononi.

Ridhaa ndiyo kiini cha matumizi, nayo inahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko inavyozoeleka. Matumizi ya kihabari, yaani picha inayoeleza tukio ambalo umma una haki ya kulijua, kwa kawaida hayadai saini ya kila aliyeonekana. Matumizi ya kibiashara, yaani sura ya mtu kusaidia kuuza bidhaa, huduma au hata jina la taasisi, huidai karibu kila mahali. Jimbo la New York lilitunga sheria ya kuidai kwa maandishi tangu mwaka 1903, baada ya picha ya msichana kutumiwa kutangaza unga bila yeye kuulizwa na mahakama kushindwa kumsaidia. Tatizo ni kwamba picha huhama kutoka kundi moja kwenda jingine bila mpiga picha kugusa kitu. Picha ya mama aliyesimama kwenye foleni ya kliniki, iliyopigwa kwa ajili ya habari, mwaka unaofuata yaweza kuwa kwenye bango la kampuni ya dawa, au juu ya makala ya ugonjwa ambao mama huyo hana. Katika hali hii ya pili si faragha pekee inayoguswa, kwani picha ya kweli ikiambatanishwa na maneno yasiyo ya kweli inaweza kumchafulia mtu jina na kuzaa madai ya kashfa.

Kwa hiyo fomu ya ridhaa isiyosema lolote zaidi ya "nakubali picha yangu itumike" haina msaada mkubwa kwa upande wowote. Fomu inayofaa huandikwa kwa lugha anayoielewa anayesaini, na humweleza ni nani atakayeitumia picha, kwa shughuli gani, katika vyombo gani na kwa muda gani, na kama itauzwa kwa watu wengine. Ni vyema pia ikataja mada ambazo haitatumiwa nazo. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi. Ningeongeza jambo ambalo fomu nyingi hulisahau: mtu apewe nakala yake na njia ya kumpata mpiga picha, maana ridhaa ya mtu asiyejua pa kwenda akibadili nia ni ridhaa pungufu.

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi zimeongeza uzito wa suala hili. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2018, sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinaweza kuihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa taarifa binafsi, hivyo anayeikusanya kwa kazi yake hana budi kuwa na msingi wa kisheria wa kufanya hivyo, kuihifadhi kwa usalama na kumsikiliza mhusika anapopinga. Adhabu nazo si za kufikirika. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi, na ukumbi mmoja wa starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja kwenye mitandao ya kijamii bila kumwomba.

Suala la watoto linastahili tahadhari ya ziada. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika ibara ya 16, unamtambua mtoto kuwa na faragha yake mwenyewe, tofauti na ya wazazi. Saini ya mzazi ni ya lazima, lakini mtoto anayeficha uso au kugeuka naye amejibu. Aidha, faili la picha mara nyingi hubeba ndani yake tarehe, saa na mahali hasa ilipopigwa, na mwenye kuchapisha picha ya mtoto akiwa na sare ya shule bila kufuta taarifa hizo amemwelekeza kila mgeni mlangoni.

Upande wa pili wa shilingi ni haki za mpiga picha mwenyewe. Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri la picha ya mwandishi Oscar Wilde iliyopigwa na Napoleon Sarony, kwamba aliyepanga mkao, mavazi na mwanga ni mtunzi, wala si mwendesha mashine tu. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao umeridhiwa na nchi nyingi za dunia, ulinzi wa kazi ya mtunzi hautegemei kusajiliwa wala kuwekewa alama yoyote. Unaanza kazi inapokamilika. Ulinzi huo unajumuisha haki ya kutajwa jina na ya kupinga picha kukatwa au kuharibiwa kwa namna inayomvunjia mtunzi heshima.

Hapa ndipo wateja na wapiga picha hugombana. Mteja aliyelipia picha za harusi huamini kwamba amezinunua zote na haki zake, kumbe katika nchi nyingi mpiga picha wa kujitegemea hubaki na hakimiliki na mteja hupata nakala pamoja na ruhusa ya kuzitumia; aliyeajiriwa, kwa kawaida, humwachia mwajiri. Hata hivyo kuwa na hakimiliki si kuwa na sura za watu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 imeligusa jambo hili waziwazi: aliyeagiza picha kwa matumizi ya binafsi na ya nyumbani anaweza kumzuia mwenye hakimiliki asizisambaze kwa umma. Ukurasa mmoja wa mkataba, unaotaja nani anamiliki, nani anaruhusiwa kuzitangaza na kama faili ghafi, yaani picha kama zilivyotoka kwenye kamera kabla ya kuhaririwa, zitatolewa, huondoa ugomvi huu kabla haujazaliwa.

Vitu navyo vina wenyewe. Mnara wa Eiffel wa Paris umekwisha kutoka katika hakimiliki, kwa kuwa haki hiyo hukoma miaka kadhaa baada ya kifo cha mtunzi na Gustave Eiffel, aliyeujenga, alifariki mwaka 1923, lakini taa zinazouangaza usiku ni kazi ya baadaye inayolindwa, na anayetaka kuitumia picha ya usiku kibiashara huomba idhini ya kampuni inayousimamia.

Baada ya sheria hubaki eneo pana ambalo maadili peke yake ndiyo yanayoongoza. Mgonjwa anayeombwa ridhaa na daktari anayemtibu, au mkimbizi anayeombwa na mtu aliyeshika chakula cha msaada, husema "ndiyo" ambayo ni vigumu kuipima. Katika hali kama hizo ni afadhali ridhaa iombwe na mtu mwingine, baada ya huduma kutolewa, na ielezwe wazi kwamba kukataa hakutamnyima mtu chochote. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2000 inakataza kuchapisha picha ya mtu aliyefungwa pingu ilhali hajahukumiwa. Mpiga picha wa nchi isiyo na kifungu kama hicho hazuiwi kujiwekea kanuni hiyohiyo.

Ukweli wa picha nao ni sehemu ya maadili. Jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza ili zienee kwenye jalada la Februari 1982, na likalaumiwa kwa miaka mingi. Mwaka 2003 gazeti la Los Angeles Times lilimfukuza kazi mpiga picha Brian Walski kwa kuunganisha picha mbili za Iraq zikawa moja. Mwaka 2010 mshindi wa shindano kubwa la picha za wanyamapori alinyang'anywa tuzo kwa sababu majaji waliridhika kwamba mbwamwitu wake huenda alikuwa mnyama aliyefugwa. Kurekebisha mwanga na rangi kwa kiasi kunakubalika, na tangazo la manukato halidaiwi ukweli wa habari. Anayedai kuonesha kilichotokea ndiye anayefungwa na dai lake.

Mhusika akiondoa ridhaa, mpiga picha aiondoe picha kwenye kurasa anazozimiliki na awaarifu kwa maandishi wote aliowapa leseni. Nakala zilizokwisha kuchapwa na zilizopakuliwa na watu wasiojulikana hazirudi, na jambo hilo linapaswa kuandikwa ndani ya fomu yenyewe na kuelezwa kwa mdomo kabla ya mtu kutia saini.