Kuku kidimu: maana yake, na kwa nini kidimu hapandishwi kwa kidimu

Kidimu ni kuku mwenye manyoya yaliyopinda. Kwa kuku wa kawaida unyoya hulala mwilini, ncha ikielekea mkiani, mmoja ukifunika mwingine kama makuti ya paa. Kwa kidimu kila unyoya hunyanyuka kutoka kwenye ngozi, hujikunja kwenda nje na kurudisha ncha upande wa kichwa. Ukimwona kwa mbali utadhani amepigwa na kusi kwa nyuma na hajajitengeneza.

Jina hili ni la zamani na bado liko midomoni mwa wafugaji wa Tanzania na Kenya. Hutajwa pamoja na kuchi, yule mrefu mwenye kifua kipana anayesifika kwa kupigana, na kishingo, asiye na manyoya shingoni. Kwa sababu majina haya hutajwa kwa mkupuo mmoja, watu hudhani yote ni ya koo za kuku. Kuchi ndiye mwenye ukoo: umbo, urefu, miguu na tabia huja pamoja. Kidimu ni aina ya unyoya tu. Anaweza kuwa mweusi, mwekundu au wa madoadoa. Anaweza kuwa mdogo kama njiwa au mzito wa kilo tatu. Anaweza hata kuwa kidimu na kishingo kwa wakati mmoja, akabaki na shingo tupu na mwili uliochangamka kama ua la alizeti. Kwa hiyo mtu akikuuliza "una kidimu?", amekuuliza kuhusu unyoya. Ukoo ni swali jingine.

Nafuga Tanga, uani, kwa mapenzi tu. Siuzi nyama na mayai ni ya nyumbani. Mara ya kwanza jirani yangu mmoja, bibi wa makamo, alipowaona alisimama mlangoni akaita, "Mwanangu, kuku wako wanaumwa." Nikamwambia, "Hapana bibi, ndivyo walivyozaliwa." Hakuamini mpaka alipomshika mmoja na kumpapasa. Sikumlaumu, maana kuku mgonjwa naye hutimua manyoya, na jambo hilo nitalirudia huko mbele kwa sababu kwa mfugaji wa vidimu ni zito.

Kwanza tuutazame unyoya wenyewe. Unyoya una mhimili katikati, ule uti unaoushika unapoandika kwa kalamu ya manyoya, na pande mbili za mhimili kuna vijiti vyembamba vilivyoshikana. Uzito wote unabebwa na mhimili. Mwaka 2012 watafiti walitangaza kwamba wamepata chanzo cha kupinda: ni kasoro katika jeni iitwayo KRT75, inayotoa maelekezo ya kutengeneza aina mojawapo ya keratini, protini ile ile ya jamii ya kucha na nywele zetu. Kipande kidogo cha maelekezo kimeruka, keratini inatoka ikiwa fupi kuliko inavyopaswa, na mhimili unaokua hauwi imara wala hauendi sawa, bali unapinda. Baadaye kwa kuku fulani wa China ilionekana jeni nyingine ya familia hiyo hiyo ikileta matokeo yanayofanana. Hivyo duniani kuna njia zaidi ya moja ya kupata unyoya uliokunjwa, ila hii ya KRT75 ndiyo inayojulikana zaidi.

Sasa tumefika mahali ambapo ningependa kila anayeanza kufuga vidimu akae kidogo.

Kila kuku hubeba nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Vitabuni nakala yenye mkunjo huandikwa F kubwa na ile ya kawaida f ndogo. Mwenye f mbili ana manyoya laini yaliyolala. Mwenye F moja na f moja ndiye kidimu mzuri tunayempenda: unyoya mpana, uliopinda kwa mpango, mwili umefunikwa vizuri. Mwenye F mbili hawi kidimu mzuri maradufu. Manyoya yake hutoka membamba kama nyuzi, yamejiviringa kupita kiasi, na mhimili ni dhaifu kiasi kwamba hukatika akijikuna tu au akipita chini ya uzio. Baada ya miezi michache mgongo uko wazi, mabawa yamebaki vijiti, na katika hali mbaya kuku anabaki karibu uchi mpaka manyoya mapya yatakapoota na kukatika tena.

Shida haiishii kwenye sura. Huko Marekani, katika jimbo la Connecticut, mtafiti Walter Landauer aliwachunguza kuku hawa kwa miaka mingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuendelea. Aliona kwamba wenye nakala mbili wanapoteza joto ovyo, na mwili unalazimika kuchoma chakula kwa kasi ili ubaki na uvuguvugu wake. Wanakula zaidi, moyo unapiga kwa bidii na kukua kuliko kawaida. Yaani kuku anaishi kama mtu anayekimbia bila kupumzika. Huyo ndiye tunayemzalisha kwa kutojua hesabu.

Na hesabu yenyewe ni hii. Chukua mayai 16 yaliyototolewa yote. Ukipandisha jogoo kidimu kwa mtetea wa manyoya laini, utarajie vidimu 8 na laini 8. Ukipandisha jogoo kidimu kwa mtetea kidimu, utarajie laini 4, vidimu wazuri 8, na wale wa nakala mbili 4. Tazama tena namba ya katikati. Ni 8 na 8! Kuweka kidimu kwa kidimu hakukuongezei hata kidimu mzuri mmoja. Kinachofanyika ni kwamba nusu ya wale ambao wangekuwa laini, wazima, wanageuzwa kuwa kuku wa mateso. Bila shaka bahati ya kila mlalio hutofautiana na 16 halisi hawatagawanyika sawasawa hivyo, lakini ukitotoa mingi ndiko utakakofika.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nililifanya. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na jogoo kidimu mwekundu, nikamtafutia matetea wawili vidimu, nikifikiri nimekamilisha familia. Vifaranga walitoka wazuri kama wengine. Walipofika wiki ya kumi watatu walikuwa wameanza kupukutika. Masika yakaingia. Mmoja niliukuta mwili wake asubuhi umelowa kwenye kona ya banda, ilhali wenzake walinyeshewa mvua ile ile na wakajikung'uta. Wawili niliwahamishia ndani, wakaishi, lakini sikuwahi kuwaona wakikaa kwa raha kama kuku anavyokaa juani baada ya kuoga vumbi.

Wapo watakaokuambia kuna njia ya mkato: weka jogoo mmoja wa nakala mbili, mpandishe kwa matetea laini, utapata vidimu watupu, vifaranga wote bila kukosa. Hesabu yao ni sahihi. Lakini lazima kwanza umzae huyo jogoo na umweke hai miaka yote ya uzazi wake katika mwili ule. Mimi naona bei hiyo haifai kwa kitu tunachofanya kwa kujifurahisha.

Basi mtetea laini ndiye nguzo ya banda la vidimu, naye ndiye anayedharauliwa. Mgeni akija anapiga picha vidimu na kumpita dada yao. Dada huyo, aliyetoka yai la mama yule yule, kwa kawaida hana jeni ya mkunjo, lakini ana rangi, umbo na upana wa unyoya wa familia yote. Akioana na jogoo kidimu wa damu nyingine ndipo mkunjo unapotoka safi. Wafugaji wa mapambo wa Uingereza, ambako kuku wa manyoya haya anahesabiwa kuwa ukoo kamili wenye viwango vyake vya maonyesho, nao huwarudisha laini kizazi baada ya kizazi ili unyoya usikonde. Marekani wana mtazamo kama wetu: mkunjo ni aina ya unyoya inayoweza kuwekwa juu ya ukoo wowote, kwa hiyo utaona Cochin wa kujikunja na Polish wa kujikunja mwenye shungi linaloanguka machoni. Kwa Silkie, ambaye manyoya yake tangu hapo hayashikani bali ni kama sufi, mkunjo haupendezi sana. Hauna cha kukunja.

Nimesema "kwa kawaida hana" kwa makusudi. Kuna jeni nyingine ya kando, isiyojitokeza mpaka iwe nakala mbili, inayoufifisha mkunjo. Kuku mwenye F moja pamoja na jeni hiyo huonekana karibu laini kabisa. Ukimweka kwenye kundi la laini umejidanganya, na kwa kidimu atakuzalia wa nakala mbili usiowatarajia. Kabla sijamwita mtetea laini humfungua bawa kwenye mwanga na kupitisha kidole shingoni kinyume cha manyoya. Ncha zikiwa zimeinuka hata kidogo, namtenga.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: kama ni kasoro, mbona ipo Afrika na Asia tangu zamani? Charles Darwin mwaka 1868 aliandika kwamba kuku wa namna hii hawakuwa adimu India. Jibu moja liko kwenye joto. Kuku hatoki jasho. Akizidiwa hufungua mdomo, akatweta, akashusha mabawa. Unyoya uliolala ni blanketi. Uliokunjwa unaruhusu hewa kufika kwenye ngozi. Mjerumani Peter Horst na wenzake, katika miaka ya 1980, walizipigia debe jeni za kishingo na kidimu kwa ufugaji wa nchi za joto, na tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kuwa penye joto kali kidimu wa nakala moja huvumilia vizuri kuliko ndugu yake laini. Mwezi wa pili hapa Tanga naliona mwenyewe: saa nane mchana laini wako chini ya mwembe midomo wazi, vidimu bado wanaparura. Ukiwapeleka Lushoto au Njombe faida hiyo inageuka hasara, hasa Juni na Julai.

Jibu jingine ni watu. Kuku wa sura isiyo ya kawaida hupewa maana, na sehemu nyingi za Afrika kidimu hutafutwa kwa tambiko na uganga. Weusi wa kusini mwa Marekani nao walikuwa wakimweka uani kwa imani kwamba angefukua uchawi uliozikwa mlangoni. Mwenye kuku wa kutafutwa hamchinji mapema.

Matunzo si magumu, ila yana mambo yake. Mabawa ya kidimu hayamrushi vizuri, hivyo fito ya kulalia iwe chini, kimo cha goti. Maji hayateleziki mgongoni mwake kama kwa kuku mwingine, kwa hiyo paa lisivuje na upande wa mvua uzibwe. Jogoo mzito anapompanda kidimu huvunja manyoya ya mgongo. Usimwache na matetea wachache mno. Utitiri na chawa huonekana kirahisi kwa sababu ngozi iko wazi, nami nashukuru kwa hilo. Mdondo hauna huruma na unyoya wa aina yoyote, basi chanjo ya tone la jicho kila miezi mitatu iko palepale.

Na ule ugonjwa wa yule bibi. Kuku wa kawaida akianza kuumwa, manyoya yaliyotimuka ndiyo barua yake ya kwanza kwako. Kidimu hana barua hiyo, kwa kuwa ametimuka siku zote. Inabidi usome kwingine: upanga wa kichwani umepauka au umekuwa wa zambarau, jicho limefumba nusu mchana, kinyesi kimekuwa cha kijani, gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, halijajaa jioni wakati wa kuingia bandani. Mimi huwapapasa gole wote kila magharibi, mmoja mmoja. Huchukua dakika chache.

Kifaranga wa kidimu hutoka kwenye yai, siku ya 21, akiwa na malaika laini kama wengine wote, na hakuna anayeweza kukuambia ni yupi. Subiri manyoya ya bawa yachomoze. Kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, mtandaze bawa juu ya kidole chako: ncha za laini zitafuata mstari wa bawa, za kidimu zitakuwa zimeshaanza kuchungulia juu.