Ukuu wa mkataba wa nyumba: faini ya maegesho kwenye nafasi yako mwenyewe

Ukiishi kwenye fleti Uingereza, hasa kwenye majengo mapya, siku moja unaweza kushuka asubuhi ukakuta bahasha imebandikwa kwenye kioo cha gari. Gari liko kwenye nafasi yako, yenye namba yako, ile uliyoipata pamoja na nyumba. Kosa lenyewe ni kwamba stika ya kibali imedondoka chini ya kiti, au ya zamani imekwisha muda na wakala wa jengo bado hajaleta mpya. Kampuni binafsi ya maegesho inataka pauni 100, na ukilipa ndani ya siku 14 watakupunguzia hadi 60. Wengi hulipa hizo 60 ili wapate usingizi, jambo ambalo kampuni inalitegemea.

Kabla ya kulipa, ifahamu dhana moja ambayo ndiyo nguzo ya kupinga madai ya namna hii England na Wales: ukuu wa mkataba. Maana yake ni kwamba haki uliyopewa na mkataba wa nyumba yako haifutwi wala haipunguzwi na bango lililotundikwa ukutani baadaye na mtu ambaye hakuhusika na mkataba huo. Mkataba ulitangulia, na atakayetaka kuubadilisha lazima aubadilishe kwa njia halali.

Dhana hii haieleweki vizuri bila kujua karatasi ile ya kwenye kioo ni nini hasa. Watu huiita faini, nami nimeiita hivyo kwenye kichwa cha habari kwa sababu ndivyo inavyojulikana mtaani, lakini kisheria si faini. Halmashauri ya mji inapokuandikia adhabu ya kuegesha barabarani, inatumia mamlaka iliyopewa na sheria ya Bunge. Kampuni binafsi haina mamlaka ya kumwadhibu mtu. Inachokudai ni deni la mkataba: bango letu lilikuwa pale likiwa na masharti, ulipoegesha ulikubali masharti hayo, umeyavunja, sasa tulipe kiasi tulichokitaja. Hati zote mbili hubeba herufi PCN (Penalty Charge Notice kwa ya halmashauri, Parking Charge Notice kwa ya kampuni) na mara nyingi hufanana rangi hadi mpangilio, na siamini kwamba mfanano huo ni wa bahati mbaya.

Sasa, mkataba hauwi mkataba mpaka kila upande utoe kitu. Kwenye maegesho ya supamaketi kampuni inatoa ruhusa ya kuweka gari kwenye ardhi isiyo yako, nawe unaahidi kufuata masharti. Kwenye nafasi yako mwenyewe inakupa nini? Ruhusa unayo tayari, tena huenda unayo kwa miaka 125. Ni sawa na mtu akukute umekaa kwenye baraza la nyumba yako akakuambia anakuruhusu kukaa, mradi uvae kofia yake. Hajakupa chochote, kwa hiyo hakuna alichokuuzia, na asiyekuuzia kitu hakudai.

Kampuni hujibu hoja hii kwa kutaja kesi moja, na huitaja karibu kila mahali: ParkingEye dhidi ya Beavis, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza Novemba 2015. Bwana Beavis aliegesha kwenye eneo la maduka Chelmsford, ambako saa mbili za kwanza zilikuwa bure, akapitiliza kwa dakika 56. Akadaiwa pauni 85. Alisema kiasi hicho ni adhabu isiyolingana na hasara yoyote, akashindwa. Majaji waliona kwamba kampuni ilikuwa na sababu ya haki ya kutoza: nafasi zilipaswa kuzunguka ili wateja wengi zaidi wapate kuegesha na maduka yaendelee kufanya biashara. Soma tena sababu hiyo, kisha iweke kwenye nafasi namba 14 chini ya jengo lako. Hapo hakuna wateja wala maduka, na nafasi hiyo haitakiwi izunguke kwa yeyote. Beavis alikuwa mgeni kwenye ardhi ya mwingine, aliyekuwepo kwa ruhusa yenye masharti. Wewe si mgeni. Kesi ile ni nzito kweli, ila uzito wake unawaelemea watu wa aina ya Beavis.

Kwa hiyo mambo yote yanarudi kwenye mkataba wako, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Fleti nyingi za England haziuzwi moja kwa moja. Mnunuzi anapewa pango la miaka mingi, 99, 125 au hata 999, na ardhi inabaki kwa mwenye jengo. Msomaji aliyezoea hati ya miaka 99 Dar es Salaam au Nairobi hatashangazwa na mpango huo. Nyaraka hiyo ndefu ndiyo inayosema nafasi ya gari ni yako kwa namna gani, na namna hizo hazilingani nguvu.

Wakati mwingine nafasi imo ndani ya kile ulichokodishwa, imechorewa mstari kwenye ramani iliyoambatishwa kama ilivyochorewa fleti yenyewe. Huo ndio msimamo wenye nguvu kuliko yote, kwa sababu hata mwenye jengo hana haki ya kuitawala nafasi hiyo kama ardhi yake. Wakati mwingine nafasi si sehemu ya pango, ila umepewa haki ya peke yako ya kuitumia. Nayo ni nzuri. Namna ya tatu ni haki ya kuegesha gari moja popote penye nafasi, pamoja na wakazi wengine. Hii ni dhaifu kidogo, lakini bado ni haki: mwaka 2001 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Saeed dhidi ya Plustrade, ilimzuia mwenye jengo aliyekata sehemu kubwa ya nafasi ambazo wakazi walikuwa na haki ya kuzitumia kwa pamoja. Aliyekupa haki hawezi kugeuka akaimega mpaka ikose maana.

Unapousoma mkataba, tafuta neno stika au kibali. Mara nyingi halimo. Kama mkataba unasema una haki ya kuegesha, ukanyamaza hapo, basi sharti la kuonyesha kibali limetoka nje yake. Mwaka 2016 majaji kadhaa wa mahakama za kaunti waliamua hivyo katika kesi za wapangaji. Kesi inayotajwa zaidi mwaka huo ni Jopson dhidi ya Homeguard, iliyosikilizwa kwa rufaa Oxford mbele ya Jaji Charles Harris. Mkazi alisimamisha gari karibu na mlango wa jengo ili ashushe dawati, akaandikiwa tiketi. Jaji alitofautisha kuegesha na kusimama kwa muda ili kushusha mzigo, na akaona kwamba kampuni ya maegesho haiwezi kuibadilisha haki ya njia iliyomo kwenye mkataba wa mkazi kwa kutundika mabango. Kwa jicho lake, maisha ya fletini yasingewezekana kama kila anayeleta au kushusha kitu mlangoni angeandikiwa deni.

Tuseme na upande wa pili, maana kuna watu wanaoingia mahakamani wakidhani dhana hii inafungua kila mlango. Maamuzi ya mahakama za kaunti hayamfungi jaji mwingine, ni ya kumshawishi tu. Kuna pia kifungu kimoja kinachoweza kukuangusha: mkazi atafuata kanuni ambazo mwenye jengo atazitoa mara kwa mara kwa ajili ya usimamizi mzuri. Ukikikuta, kampuni itasema stika ni mojawapo ya kanuni hizo. Bado unaweza kuuliza kanuni hiyo ilitolewa na nani, lini, na kama uliarifiwa kwa namna ambayo mkataba wenyewe unaitaka. Unaweza kuuliza pia kama mamlaka ya kutunga kanuni ni mamlaka ya kumpa mtu wa tatu haki ya kukudai pauni 100. Kwangu mimi hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, lakini hapo mshindi hajulikani mapema. Na kama mkataba wako unasema waziwazi kwamba kibali kitaonyeshwa kwenye kioo, basi ukuu wa mkataba unaifaa kampuni kuliko wewe.

Mpangaji wa kawaida, aliyekodi kutoka kwa mwenye fleti, aangalie mikataba miwili. Wa kwanza ni wake mwenyewe: nafasi ya gari imetajwa? Wa pili ni wa mwenye fleti na jengo, kwa sababu mtu hawezi kukupa haki kubwa kuliko aliyonayo. Nakala ya pango la muda mrefu hupatikana kwa ada ndogo kwenye ofisi ya serikali ya usajili wa ardhi, HM Land Registry, hata kama mwenye nyumba wako hapokei simu.

Wakala wa jengo naye ana la kusema. Atakuambia mpango wa vibali uliletwa kwa faida yenu, ili watu wa nje wasijaze maegesho, na huenda ni kweli. Wakazi wengi ndio waliolalamika mwanzoni. Lakini kubadilisha mikataba ya jengo zima kuna utaratibu wake: kifungu cha 37 cha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 1987 kinataka, pale palipo na mikataba ya pango zaidi ya minane, asilimia 75 waunge mkono na wanaopinga wasizidi asilimia 10, kisha suala lipelekwe kwenye baraza la kisheria. Barua ya tangazo iliyosukumwa chini ya mlango haifikii kiwango hicho. Muulize wakala kwa maandishi: kura ilipigwa lini? Katika barua hiyo hiyo mtake aiagize kampuni ifute tiketi. Yeye, kwa niaba ya mwenye jengo, ndiye aliyeialika, na njia hii humaliza mambo mengi kabla ya kufika mbali.

Kwenye rufaa kwa kampuni yenyewe, chunga lugha. Usiandike "niliegesha", andika "gari liliegeshwa". Jedwali la 4 la Sheria ya Ulinzi wa Uhuru ya 2012 linairuhusu kampuni kumdai mwenye gari aliyesajiliwa pale isipomjua dereva, lakini kwa masharti ya muda. Kama tiketi iliachwa kwenye kioo, barua kwa mwenye gari ifike kati ya siku ya 29 na ya 56 baada ya tiketi kuachwa. Kama ni kamera tu bila tiketi, ifike ndani ya siku 14 baada ya gari kuegeshwa. Ikikosea hapo, lazima imthibitishe dereva, na hakuna sababu ya wewe kuifanyia kazi hiyo. Kisha eleza haki yako, nukuu kifungu cha mkataba, ambatisha ukurasa wake na ramani.

Kampuni ikikataa, itakuelekeza kwenye chombo cha rufaa kulingana na chama chake: POPLA kwa walio chini ya British Parking Association, IAS kwa walio chini ya International Parking Community. Uamuzi wa POPLA unaifunga kampuni, haukufungi wewe. Mikataba ya pango si eneo ambalo waamuzi hawa wanalimudu vizuri, kwa hiyo ukishindwa huko usidhani hoja imekufa.

Jambo ambalo hupaswi kufanya kamwe ni kutupa barua. Ushauri wa kupuuza ulikuwa na maana zamani, kabla ya Jedwali lile la 4 kuanza kutumika Oktoba 2012. Siku hizi kampuni hushtaki. Kwanza huja barua za wakusanya madeni, ambazo huongeza hadi pauni 70 na hazina nguvu yoyote zaidi ya kutisha. Kisha huja barua ya kabla ya kesi, inayokupa siku 30 za kujibu. Kisha hati ya madai ya mahakama. Hii ina siku 14 tangu ihesabiwe imekufikia, na ukikiri kuipokea ndani ya siku hizo unapata 28 kwa jumla za kuandika utetezi. Ukinyamaza, hukumu inatolewa bila wewe, na usipoilipa ndani ya mwezi inakaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita. Wengi waliohama nyumba wamepatwa na hili bila kuiona hata barua moja, kwa sababu anwani kwenye usajili wa gari ilibaki ya zamani.

Ukifika mbele ya jaji wa madai madogo huhitaji wakili. Mpe mkataba, muonyeshe kifungu cha maegesho, na uitake kampuni ionyeshe ni kifungu kipi kinachotaja stika. Ukishinda unaweza kudai nauli na hadi pauni 95 kwa siku ya kazi uliyoikosa. Beba hati ya mshahara.