Uchu ni nini, na kwa nini humjia hata aliyeshiba

Uchu ni hamu kali ya chakula kimoja mahususi, na neno "kimoja" ndilo linaloutenga na njaa. Mwenye njaa akiwekewa ugali atakula, akiwekewa viazi atakula, na tumbo likijaa atatulia. Mwenye uchu wa samaki wa kukaanga anaweza kumaliza sahani nzima ya wali na maharage, akanawa mikono, na bado samaki yule asimtoke kichwani. Njaa ina mjumbe wake mwilini: tumbo tupu huachia kwenye damu homoni iitwayo ghrelini, iliyogunduliwa nchini Japani mwaka 1999, nayo huuarifu ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Uchu hausubiri taarifa hiyo.

Fikiria embe bichi lililokatwa vipande, likanyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga. Msomaji aliyekulia Pwani huenda mate yamekwisha kumjaa kinywani, ingawa embe lenyewe halipo. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwa mbwa wake kwamba jambo lolote lililozoeleka kutangulia chakula huishia kuamsha mate lenyewe. Kwetu sisi jambo hilo laweza kuwa harufu ya kitunguu kinachokaangwa, au ile kona ya barabara anapokaa muuza mishikaki.

Ishara kama hizo huamsha dopamini katika ubongo. Wengi huiita kemikali ya raha, na hapo ndipo maelezo mengi ya uchu yanapopotoka. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, na wenzake waligundua kwamba panya walioharibiwa karibu dopamini yao yote bado walionyesha usoni dalili za kufurahia utamu uliotiwa kinywani mwao, lakini hawakujishughulisha kukitafuta chakula, hata kilipokuwa karibu. Kutaka kitu na kukifurahia, basi, ni kazi mbili tofauti, na dopamini huhusika zaidi na ile ya kwanza. Ndiyo maana mtu huweza kukitamani chakula siku nzima, akakipata, na akashangaa kwamba utamu wake haukulingana na hamu aliyokuwa nayo.

Ipo imani iliyoenea kwamba anachokitamani mtu ndicho mwili wake ulichopungukiwa. Naielewa imani hiyo, kwa kuwa inaupa mwili hekima, ila kwa vyakula vingi haijathibitika. Mwaka 1994 watafiti Willa Michener na Paul Rozin waliwapa watu wenye uchu wa chokoleti vidonge vya kakao vyenye kemikali zile zile zinazodhaniwa kuuleta uchu huo, na vidonge havikuutuliza. Chokoleti nyeupe, isiyo na unga wa kakao, ilituliza kwa kiasi, kwa sababu ililainika ulimini na kuacha utamu na mafuta yaliyozoeleka. Marcia Pelchat, mtafiti wa Philadelphia, naye aliwalisha watu kinywaji kimoja tu chenye virutubishi vyote, siku baada ya siku, na uchu wa vijana ukaongezeka ingawa miili yao haikukosa chochote. Aliyesoma shule ya bweni hahitaji kuelezwa zaidi: makande ya kila siku yalishibisha, na bado mazungumzo ya usiku bwenini yalikuwa juu ya chapati za nyumbani.

Chumvi ni habari nyingine, kwa maana hapo mwili huomba kweli. Tembo wa Mlima Elgon, nchini Kenya, huingia gizani ndani ya pango la Kitum kuchimba kwa pembe miamba yenye chumvi, na mfugaji anayewapa ng'ombe wake magadi anaijua haja hiyo. Mwaka 1940, nchini Marekani, Lawson Wilkins na Curt Richter waliandika habari za mtoto wa miaka mitatu na nusu aliyekuwa akila chumvi kupita kiasi. Alipolazwa na kupewa chakula cha kawaida cha hospitali, alifariki baada ya siku saba. Tezi zake za adrenali, zilizo juu ya figo, zilikuwa na kasoro, mwili ukawa unapoteza chumvi kwenye mkojo, na ule uchu ndio uliokuwa umemweka hai.

Kati ya chumvi na chokoleti uko uchu wa udongo, unaowajia wajawazito wengi wa Afrika Mashariki. Sokoni Tanzania vipande vyake huitwa pemba, na nchini Kenya wengi huviita odowa. Uchu huu huandamana mara nyingi na upungufu wa madini ya chuma, kama ulivyo uchu wa kutafuna barafu, lakini udongo hauwi dawa yake: chuma kilichomo ni kigumu kwa mwili kukitumia, na baadhi ya udongo hukinasa hata kile kilichotoka kwenye mboga na nyama, mbali na hatari ya mayai ya minyoo na madini ya risasi. Wanawake wengi huula kwa kujificha, wakiogopa kuchekwa, na hivyo muuguzi hapati kujua. Ni vyema mjamzito auseme uchu huo kliniki, waziwazi, ili damu yake ipimwe. Kwa wanaotafuna barafu imeonekana mara nyingi kwamba, vidonge vya chuma vikishaanza kutumiwa, uchu huondoka mapema, hata kabla ya wingi wa damu kurudi katika kiwango chake.