Uniti zinaliwa na nani?

Simu nyingi ninazopokea kama fundi umeme huanza hivi: "Fundi, mita yangu inakula uniti." Wiki mbili zilizopita alipiga mama mmoja wa Kinyerezi. Alikuwa amenunua umeme Ijumaa, na Jumanne mita ikaanza kumlilia. Alishaamua mwizi ni nani. Ni pasi, kwa sababu imeandikwa wati 1,000, na mtoto wa shangazi yake amemwambia kwamba kitu cha wati 1,000 "kinakula wati elfu moja kwa saa".

Maneno hayo nayasikia kila siku, hata redioni. Bwawa la Julius Nyerere likitajwa, utasikia "megawati 2,115 kwa saa". Hapana. Ni megawati 2,115, basi. Mitambo 9, kila mmoja megawati 235. Wati tayari ina muda ndani yake: wati 1 ni jouli 1 kila sekunde. Ukiongeza "kwa saa" ni kama kusema gari linakwenda kilomita 80 kwa saa kwa saa.

Kwa kuwa wateja wangu wenyewe husema umeme "unaliwa", nami huwajibu hukohuko kwenye kula. Wati ni ukubwa wa tonge. Uniti ni chakula kilichokwisha kwenye sinia. Kuna mtu wa matonge makubwa anayekula dakika tano akanawa, na kuna anayedonoa taratibu tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Sinia likiwa tupu, usimkamate wa matonge makubwa kabla hujauliza nani alikaa muda mrefu zaidi.

Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, yaani wati 1,000 zikifanya kazi kwa saa nzima. Saa ina sekunde 3,600, kwa hiyo uniti moja ni jouli 3,600,000. Hesabu ya nyumbani haitaki zaidi ya hapo: chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa kinazofanya kazi, gawa kwa 1,000. Taa ya wati 10 inahitaji saa 100 kumaliza uniti moja. Pasi ya wati 1,000 ingeimaliza kwa saa moja, na kwa kweli inachelewa kidogo, kwa sababu ikishapata moto hujizima na kujiwasha yenyewe.

Jouli zina faida yake pale unapotaka kuhakikisha kwamba hesabu haikudanganyi. Chukua jagi la umeme la wati 2,000 lenye maji lita moja na nusu. Kila lita hutaka jouli kama 4,186 ili joto lipande nyuzi moja. Kutoka nyuzi 25 hadi 100 ni nyuzi 75, kwa hiyo lita moja na nusu inataka jouli kama 471,000. Gawa kwa 3,600,000: uniti 0.13. Sasa pitia njia nyingine: wati 2,000 kwa dakika 4 ni wati-saa 133. Uniti 0.13 tena. Jagi linalotisha kwa wati zake linachemsha mara saba kwa uniti moja. Chai haijawahi kumfilisi mtu.

Basi nikaenda Kinyerezi. Nilipomaliza shikamoo na kukataa soda mara moja (ya pili sikuikataa), tukaenda kwenye mita. Iangalie mita yako vizuri, utaona kijitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake maandishi kama "1000 imp/kWh". Maana yake ni kwamba kijitaa kikipepesa mara 1,000, uniti moja imekwenda. Kwa hiyo pepeso moja ni wati-saa 1, au jouli 3,600. Na hapo ndipo mita inapogeuka kuwa kipimo cha wati bila kununua kifaa chochote: hesabu sekunde kati ya pepeso na pepeso, halafu gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Zikiwa 36, nyumba inatumia wati 100. Zikiwa 3.6, ni wati 1,000. Mita nyingine zimeandikwa 1600. Hizo gawa 2,250 badala ya 3,600.

Tukazima kila kitu. Friji, televisheni, chaja zote, na pasi yenyewe nikaichomoa mbele ya macho yake. Kijitaa kikatulia. Mama akanitazama kwa ushindi: unaona, ni pasi! Nikamwomba tukae kidogo barazani.

Hazikupita dakika ishirini, kijitaa kikaanza kupepesa haraka. Nikaweka saa ya simu: mapepeso 10 kwa sekunde 32. Yaani sekunde 3.2 kila moja, wati 1,125. Na nyuma ya nyumba kukasikika mngurumo.

"Mama, hiyo ni pampu ya kisima?"

"Ee, lakini ile ni hosipawa moja tu, na inajaza tangi ikizima imezima."

Hiyo "hosipawa moja tu" ina mambo mawili. Hosipawa 1 ni wati 746, kwa hiyo wengi huandika 0.75 kilowati na kuendelea. Lakini kibao cha pampu kinataja nguvu inayotoka kwenye mhimili wa mota, siyo umeme unaoingia. Sehemu ya umeme inapotelea kwenye joto, ndiyo maana mita ilituonyesha wati 1,125. La pili ni hilo la kuzima. Ndani ya saa moja pampu iliwaka mara mbili, dakika tano tano, na hakuna aliyefungua bomba. Bomba la chini ya mchanga, kutoka kwenye tangi kwenda choo cha nje, lilikuwa limepasuka. Maji yalikuwa yanazama kimyakimya, floti inashuka, pampu inawaka, usiku na mchana.

Dakika 10 kila saa ni saa 4 kwa siku. Wati 1,125 mara saa 4 ni uniti 4.5 kila siku, 135 kwa mwezi. Kumbuka kwamba mteja mdogo wa D1 (kundi la bei la TANESCO kwa wanaotumia umeme kidogo) ana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi kwa nyumba nzima. Hizo ni 2.5 kwa siku, sawa na wastani wa wati 104 tu bila kupumzika. Alihitaji fundi bomba, si mimi.

Vibao vingine vinapotosha zaidi. Kiyoyozi kinachouzwa kama "hosipawa moja na nusu" hakihusiani na 746 hata kidogo. Ni jina la dukani la BTU 12,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Hizo ni wati kama 3,500, lakini ni za joto linaloondolewa chumbani. Umeme kinaoutumia ni kama theluthi yake.

Betri nazo huandikwa ampea-saa, ambazo peke yake si nishati mpaka uzidishe kwa volti. Betri ya 100 Ah ya volti 12 ni wati-saa 1,200, uniti moja na kidogo. Ikiwa ni ya risasi na asidi, usiishushe zaidi ya nusu kama unataka ikudumie mwaka huu na ujao, kwa hiyo una 600. Kijana mmoja alinunua betri kama hiyo pamoja na inveta ili umeme ukikatika aweze kunyoosha nguo za wateja wake. Nikampigia hesabu: pasi ya wati 1,000, dakika 36, na hapo sijatoa kinachopotea kwenye inveta. Akafikiri kidogo, akaenda kununua pasi ya mkaa.