Je, wajua kwa nini ngano moja huchorwa upya tena na tena?

Chukua ngano ya msichana mwenye kofia nyekundu. Mama yake anamtuma ampelekee bibi chakula, njiani anakutana na mbwa mwitu, na anapofika anamkuta mnyama huyo kitandani, amejifanya bibi. Charles Perrault aliichapisha Ufaransa mwaka 1697. Ndugu wawili wa Kijerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, wakaitoa kwa namna yao mwaka 1812. Hakimiliki haipo tena, hakuna wa kuombwa ruhusa, na wachoraji hawajaiacha hadi leo. Lakini kila mtu anaijua. Wanatafuta nini humo?

Wanatafuta yale ambayo ngano imeyanyamazia. Isome polepole uone. Mbwa mwitu ana ukubwa gani? Msichana anapoambiwa aingie ndani, anasita au anaingia mbio? Fanani huyaacha haya, kila msikilizaji akayajaza kichwani mwake. Mchoraji hawezi kuyaacha. Akishaweka penseli kwenye karatasi, lazima aamue, na uamuzi wake unaigeuza hadithi hata kama hakubadilisha neno moja.

Tazama alichofanya mchoraji Mfaransa Gustave Doré mwaka 1862, alipoichorea ngano ya Perrault. Kwa Perrault, msichana anapanda kitandani, analiwa, na hadithi inaishia hapo. Mwindaji wa kupasua tumbo la mbwa mwitu ni wa akina Grimm. Doré angeweza kuchora meno na damu. Badala yake alichora vichwa viwili vilivyolala sambamba. Mbwa mwitu amevaa kofia ya kulalia ya bibi. Msichana ameivuta shuka, anamtazama kwa pembe ya jicho, macho yamemtoka. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha nzito kuliko zote za ngano hii, maana humo msichana anajua tayari. Maneno ya Perrault hayasemi kwamba alijua.

Hata kilichomo kapuni kina uzito. Perrault alimbebesha msichana mkate mtamu na kachungu ka siagi. Akina Grimm, keki na chupa ya mvinyo. Mchoraji Mmarekani Trina Schart Hyman aliwafuata akina Grimm katika kitabu chake cha 1983, akaichora chupa ile. Mwaka 1990 baadhi ya shule za California zilikiondoa kitabu hicho kwa sababu ya mvinyo. Neno hilo lilikuwa limesomwa kwa zaidi ya karne moja na nusu. Lilipopata umbo na rangi, watu wakashtuka.

Aliyenishangaza zaidi ni Warja Lavater, msanii wa Uswisi. Kitabu chake cha 1965 ni karatasi moja ndefu iliyokunjwa kama kinanda cha mkono, na hakina sura ya mtu hata moja. Msichana ni doa jekundu, mbwa mwitu ni doa jeusi, msitu ni madoa ya kijani. Mwanzoni unaelezwa kila doa ni nani, kisha unaachwa peke yako. Doa jeusi linalikaribia lile jekundu, na moyo unakudunda kwa ajili ya nukta ya wino!

Kuna jambo jingine ambalo kitabu cha picha kinalo na fanani hana: ukurasa wa kufunua. Vitabu vingi vya aina hii vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa za kiwandani hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 8 au 16. Kwa hiyo mchoraji ana mifunuo michache tu, na huipanga kwa makini sana. “Bibi, mbona masikio yako makubwa?” Jibu linakaa hapo hapo. “Mbona macho yako makubwa?” Hapo hapo. Swali la meno huwekwa chini kabisa, kona ya kulia, na mtoto ndiye anayefunua.