Uongo wa mazingira hauanzii idara ya masoko

Juzi kwenye mafunzo, mkurugenzi mmoja kaniambia tena: "Madai ya mazingira ni ya watu wa masoko, bodi haihusiki." Nimeisikia kauli hii mara nyingi mno, na bado inaniuma.

Chukua Volkswagen, kampuni ya magari ya Ujerumani. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kuwa magari yaliyonadiwa kama "dizeli safi" yalibeba programu inayotambua gari likiwa kwenye kipimo na kupunguza uchafu wa moshi wakati huo tu. Barabarani yalitoa oksidi za nitrojeni, gesi chafu za moshi, hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa. Magari milioni 11 hivi, dunia nzima. Tangazo lilitoka masoko, sawa. Programu ilitoka kwa wahandisi, na wahandisi wana wakubwa.

Juu yao kulikuwa na bodi ya usimamizi ya watu 20, nusu wakiwakilisha wafanyakazi. Familia za Porsche na Piëch zilishika zaidi ya nusu ya kura za wanahisa, jimbo la Ujerumani la Lower Saxony asilimia 20. Mwaka 2012 mke wa mwenyekiti, Ferdinand Piëch, aliingia kwenye bodi hiyohiyo. Nani hapo alikuwa na sababu ya kumbana mtendaji mkuu: dizeli hii imekuwaje safi kwa bei hii?

Basi wekeni wakurugenzi huru, wananiambia. Hapa ndipo ninapochoka. Huru kwa nani? Asiye na hisa wala undugu, lakini kabrasha kalipata usiku wa kuamkia kikao, atauliza nini? Kwenye kampuni moja niliyoikagua, ripoti ya mazingira ililetwa mwisho wa ajenda, watu wameshafunga mikoba. Jaladani picha ya miche, ndani idadi ya miti iliyopandwa. Ikasainiwa. Wengi wao walikuwa huru. Nilipofika shambani nikakuta viriba vimerundikwa chini ya mwembe, miche imekaukia humohumo.

Nina shaka yangu pia. Hata bodi makini ingeweza kupitwa na ile programu. Waliouona moshi ni watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vipimo garini wakaendesha barabarani. Ndiyo maana sitoi ahadi. Ninachodai ni mkaguzi wa ndani aweze kufika kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi bila kupitia kwa mtendaji mkuu, na ripoti ya mazingira iletwe asubuhi, pamoja na mtu aliyekwenda kuihesabu hiyo miti.